Mti wa Kuaminiana Umepandwa Shamba la Nani?

Ukiona mtu amekaa kambini zaidi ya mwaka na hajawahi kuchora mti, jua alikuwa anakwepa semina. Karatasi kubwa inabandikwa ukutani, kalamu nene zinagawiwa, na mwezeshaji anasema tuchore mti wa kutoaminiana. Mizizi yake ni nini? Watu wanataja: woga, uongo, ukabila, siasa mbaya, umaskini. Matunda yake? Vita, vifo, ukimbizi. Halafu inakuja karatasi ya pili, mti wa kuaminiana, wenye mizizi ya ukweli, kusikilizana, uvumilivu. Picha inapigwa. Soda zinafuata.

Mimi nafanya kazi na vijana, na mti huo nimeuchora na kuuchorea wengine mara nyingi. Ni mti mzuri. Ila kuna swali moja ambalo karatasi haina nafasi yake: umepandwa shamba la nani? Kwa mtu wa Rumonge hilo si fumbo la washairi. Kwetu ukisema mti watu wanaelewa mchikichi, na mchikichi una mwenyewe, na juu ya huyo mwenyewe ni nani watu wameshtakiana, wamekatana mapanga, wamekimbia.

Basi leo nataka kuuhakiki mti huo kama tunavyohakiki hadithi au shairi, pamoja na vitabu vinavyosimama nyuma yake. Waliouleta ni Wakwekeri, ambao wenyewe wanajiita Marafiki. Mwaka 2003 Marafiki wa Burundi na Rwanda, wakishirikiana na African Great Lakes Initiative ya wenzao wa Marekani, walianzisha mafunzo ya siku tatu yanayojulikana kwa herufi HROC, ya kuponya majeraha ya moyo na kujenga upya jamii. Chumba kimoja, watu kama ishirini, nusu wa upande huu na nusu wa upande ule. Siku ya kwanza wanajifunza jeraha la moyo ni kitu gani. Siku ya pili wanaomboleza waliowapoteza, na wapo ambao hawajawahi kulia mbele ya watu tangu siku ya msiba. Siku ya tatu wanachora miti, halafu mmoja anafungwa kitambaa machoni na kuongozwa nje na mwenzake. Mengi tunayofanyishwa makambini yanafanana na hayo, ila siku zimepunguzwa na soda zimeongezwa.

Marafiki si wageni wa jana Burundi. Wamisionari wao kutoka Kansas, Arthur na Edna Chilson, ambao kabla ya hapo walifanya kazi Kaimosi huko Kenya, walifika Kibimba mwaka 1934. Wakajenga kanisa, shule na hospitali. Kibimba iko milimani, njia ya kwenda Gitega, mbali na ziwa. Jambo hilo lina maana na nitalirudia.

Kitabu kinachojulikana zaidi kutoka upande wao ni cha David Niyonzima na Lon Fendall, Unlocking Horns, kilichotoka mwaka 2001. Kimeandikwa kwa Kiingereza, na jina lake linasema habari ya pembe zilizonasana zikafunguliwa. Aliyechunga ng'ombe ataielewa picha hiyo haraka kuliko msomaji wa Ulaya: mafahali wakinasana pembe hakuna mshindi, wote wawili wanaweza kufia hapo hapo wakitazamana. Niyonzima ni mchungaji wa Marafiki. Oktoba 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, alikuwa Kwibuka akifundisha watu wanaosomea uchungaji. Askari wakaja. Wanafunzi wake wanane waliuawa, yeye akajificha akapona. Mtu mwingine angetoka kwenye maficho yake na orodha ya kisasi. Yeye alitoka na swali la msamaha, na baadaye akaanzisha THARS, shirika la kuwahudumia waliojeruhiwa moyo.

Nakisifu kitabu hicho kwa jambo moja kubwa. Sisi Warundi tuna ugonjwa wa kuhesabu maiti za upande wetu tu. Mwingine anaanza na 1972, mwingine na 1993, kila mmoja ana kalenda yake na ya mwenzake hataki hata kuiona. Niyonzima alikuwa na sababu zote za kuandika kalenda ya upande mmoja, na hakufanya hivyo. Katika nchi yetu huo ni ujasiri, hata kama kwa mgeni unaonekana ni upole wa kichungaji tu.

Lakini kutoka kwenye vitabu vya namna hiyo, na kutoka kwenye mafunzo yaliyozaliwa pamoja navyo, umetokea mtindo ambao sasa umetutawala wote: ushuhuda. Njia yake tunaijua kwa moyo. Nilikuwa na amani, nikaumizwa, nikachukia mpaka nikaugua, nikaenda mafunzo, nikakutana na aliyeniumiza, tukakumbatiana. Umezaliwa kanisani na una dansi ya kanisani, na ukisomwa kwa sauti watu wanaitikia wenyewe. Sizungumzii kitabu kimoja, nazungumzia mtindo. Tazameni watu waliomo ndani yake. Ni wawili tu, mimi na adui yangu. Hakuna hakimu. Hakuna karani wa ardhi, hakuna gavana, hakuna mlinzi wa gereza. Serikali inapita kama mvua, inanyesha na kuondoka, halafu sisi wawili tunabaki tukianika nguo zetu.

Nendeni Rumonge muone kwa nini mtindo huo unapwaya kule. Tarehe 29 Aprili 1972 waasi walishambulia mji wetu, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za ufukweni, wakaua Watutsi waliowakuta. Serikali ya Micombero ikajibu kwa kuua Wahutu nchi nzima, hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani, askari, hata wachungaji. Waliokufa ni zaidi ya laki moja kwa hesabu nyingi. Watu wa ufukweni wakavuka ziwa au wakashuka nalo hadi Tanzania, na wengi wakaishia Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Nyuma yao mashamba hayakubaki yakiwasubiri. Mengine yaligawiwa watu wengine, mengine yaliingizwa kwenye miradi ya serikali ya michikichi. Miaka thelathini na zaidi ikapita. Waliogawiwa wakazaa, wakazika wazee wao mle mle shambani. Kisha wakimbizi wakaanza kurudi, na zaidi ya 50,000 wa mwaka 1972 walirudi kutoka Tanzania katika mpango ulioanza 2008.

Sasa wawekeni watu wawili wa namna hiyo kwenye mafunzo ya siku tatu. Mmoja ni mtoto wa aliyekimbia. Mwingine ni mtoto wa aliyepewa. Hawajawahi kuumizana. Pengine wote wawili ni watu wema, wanaswali msikiti mmoja, wanauza mawese soko moja. Mmoja ana kaburi la babu yake katika ardhi ile, na mwingine naye ana kaburi la babu yake katika ardhi ile ile. Mmoja ana kumbukumbu, mwingine ana karatasi. Mwezeshaji anasema sameheaneni. Wasameheane nini? Aliyetenda kosa ni ofisi, na ofisi haifungwi kitambaa machoni ikaongozwa bustanini. Umsamehe nani, muhuri?

Tume ya ardhi, ile CNTB iliyoundwa mwaka 2006, ilijaribu kwanza kugawanya: nusu yako, nusu yangu. Baadaye, chini ya Mgr Sérapion Bambonanira, ikageuza kibao: shamba lote lirudi kwa aliyekimbia. Kila uamuzi uliacha familia barabarani. Sitaki kusema upi ulikuwa wa haki, maana nina ndugu pande zote mbili na nataka kula Idi kwao wote. Ninachosema kama mhakiki ni kwamba hakuna ushuhuda wa mtindo ule unaoweza kubeba hadithi hii, kwa sababu hadithi hii haina muuaji wa kukumbatiwa. Ina faili.

Ndiyo maana nilisema Kibimba kuwa milimani kuna maana. Fasihi ya msamaha ya Marafiki wa Burundi ilipata umbo lake kutokana na Oktoba 1993, na Oktoba 1993 milimani ilikuwa jirani kwa jirani, mwalimu kwa mwanafunzi. Kibimba kwenyewe kulitokea jambo ambalo kila Mrundi analijua. Tarehe 21 Oktoba wanafunzi na walimu Watutsi wa shule ile, shule iliyoanzishwa na Marafiki, walifungiwa kwenye kituo cha mafuta kando ya barabara wakachomwa moto. Makumi walikufa. Mwaka uliofuata watu wa pale waliunda kamati ya amani, Wahutu na Watutsi wakikaa pamoja wakati bado kuna risasi vilimani. Kwa jeraha la uso kwa uso, dawa ya uso kwa uso ilifaa. Kosa si la dawa. Shida ni kuchukua dawa ya kidonda na kumpa kila mgonjwa, hata aliyevunjika mguu.

Na hata Kibimba kuna sehemu ya hadithi ambayo ushuhuda unairuka. Mkuu wa shule alishtakiwa kwa mauaji yale, akahukumiwa kifo, akanyongwa Julai 1997 pamoja na wengine watano. Kesi za 1993 zilianza mahakamani mwaka 1996, na mwanzoni wengi walihukumiwa bila wakili. Magereza yalijaa Wahutu, wengi hawajasomewa hata hukumu, wakati majaji karibu wote walikuwa Watutsi, na askari waliolipiza kisasi vijijini wachache sana walifika mbele ya hakimu. Sisemi waliofungwa wote walikuwa malaika. Wafu wa kituo kile cha mafuta waliuawa na watu. Nasema kwamba nchi iliamua kosa la mwaka ule lina kabila, na gereza likafuata uamuzi huo. Mwaka 2006 maelfu waliachiwa kwa muda kama wafungwa wa kisiasa, na mwaka 2009 adhabu ya kifo ikafutwa. Kati ya tarehe hizo mbili za 1993 na 2009 kuna riwaya nzima ya magereza ambayo mtindo wa ushuhuda hauna pa kuiweka. Mfungwa anaingia katika hadithi zetu siku anapotoka na kuomba radhi. Akiwa ndani hana sauti.

Hapa ndipo nilipofurahi kugundua kwamba mafunzo haya yenyewe yalizaliwa gerezani. HROC ina kaka yake mkubwa, AVP, mafunzo ya kutafuta njia nyingine badala ya vurugu, yaliyoingia Rwanda na Burundi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nchini Rwanda yalitumiwa hata kuwafundisha waamuzi wa gacaca. Nasi tunayacheza kambini na michezo yake ya kuchangamsha mwili, watu wazima wanaruka kama vyura. Chanzo chake ni gereza la Green Haven, jimbo la New York, mwaka 1975. Miaka minne kabla, katika gereza la Attica la jimbo hilo hilo, wafungwa, wengi wao weusi, walikuwa wameasi wakidai watendewe kama binadamu, na serikali ikaingia na bunduki. Watu 43 walikufa katika mkasa ule. Green Haven kulikuwa na kundi la wafungwa waliokuwa wakitaka kuwasaidia vijana wasifuate njia yao. Wafungwa hao ndio waliowaita Marafiki. Rudieni kusoma sentensi hiyo. Si wafadhili walioandika mradi kisha wakatafuta walengwa. Walengwa ndio waliofikiri, wakaomba msaada wa kile walichokosa. Katika waliokuja kusaidia alikuwemo Bernard Lafayette, mtu wa harakati za haki za weusi aliyewahi kufanya kazi na Martin Luther King.

Ukilijua hilo, michezo ile inabadilika maana. Chukua mchezo wa jina. Kila mtu anaongeza kwenye jina lake sifa nzuri inayoanza na herufi ile ile: Juma Jasiri, Hakizimana Hodari. Kambini tunacheka na kusahau. Gerezani, mahali unapoitwa kwa namba, kujipa jina zuri mbele ya watu kumi na tisa si mchezo. (Kiswahili, nikiri, kinawapendelea akina M. Mariamu Mpole, Musa Mkarimu, Mateso Mvumilivu. Viambishi vyetu vinawafanyia kazi yote. Akina Zaituni wanatoka jasho. Na majina ya Kirundi ni kesi nyingine, kwa sababu mengi tayari ni sentensi nzima ambayo mzazi aliwaandikia majirani. Mtu anayeitwa Nzikobanyanka, yaani najua wananichukia, umwongezee sifa gani?)

Lakini usimpe Mkwekeri sifa zote kabla ya kumsikia akijishtaki mwenyewe. Gereza la kisasa, lenye chumba cha mtu mmoja, ukimya na ukuta, lina alama za vidole vya Marafiki. Mwaka 1787 huko Philadelphia, Marafiki na watu wengine waliunda chama cha kupunguza mateso ya wafungwa. Nia ilikuwa safi. Viboko na kunyongwa viliwachukiza, wakafikiri mtu akikaa peke yake na dhamiri yake na Biblia yake atatubu. Ndivyo Marafiki wenyewe wanavyosali, kimya. Mwaka 1829 likafunguliwa gereza la Eastern State, chumba kimoja mtu mmoja, mwanga kutoka tundu la dari, na kofia ya kufunika uso ukitolewa nje ili usimwone mtu. Charles Dickens alilitembelea mwaka 1842 akatoka ameshtuka. Watu walikuwa wanarukwa na akili mle ndani. Na mfungwa nambari moja wa gereza hilo la wenye nia njema alikuwa Charles Williams, kijana mweusi wa miaka 18, mfanyakazi wa shamba, kwa kosa la wizi.

Tangu siku hiyo mpaka leo Marekani haijaacha. Imewahi kufungia watu zaidi ya milioni mbili kwa wakati mmoja, na katika magereza ya majimbo weusi wanafungwa kwa kiwango cha karibu mara tano ya weupe. Marafiki wa huko wamejibu kwa namna mbalimbali. Shirika lao la AFSC, ambalo pamoja na lile la Uingereza lilipewa Nobeli ya Amani mwaka 1947, lilitoa mwaka 1971 kitabu kiitwacho Struggle for Justice, ambacho kiliugeukia mfumo wote wa adhabu, na pamoja nao mchango wa Marafiki wenyewe. Kwangu mimi, hata hivyo, kitabu kikubwa zaidi ni cha 2009, cha wanawake wawili Marafiki, Donna McDaniel, mweupe, na Vanessa Julye, mweusi. Jina lake kwa Kiswahili ni kama kusema Wanafaa kwa Uhuru, Hawafai kwa Urafiki. Nyinyi mnaojua kwamba watu hawa wanaitwa Marafiki mtaona jinsi jina hilo linavyochoma.

Dunia inawasifu Marafiki kwa kupinga utumwa, na ni kweli: waraka wa Germantown wa mwaka 1688 ni miongoni mwa sauti za kwanza kabisa kule, na kufikia 1776 mkutano wao wa Philadelphia ulikataza washirika wake kumiliki watumwa. McDaniel na Julye hawakanushi. Wanageuza kurasa nyuma. Kabla ya kukataza walimiliki, kwa miaka mingi. Na baada ya kukataza, mweusi aliyeingia kusali nao alionyeshwa benchi lake. Familia ya akina Douglass wa Philadelphia, mama Grace na binti yake Sarah, watu wasomi na wacha Mungu, walikaa kwenye benchi la weusi katika nyumba ya ibada ya watu waliojiita Marafiki. Mikono ile ile iliyofungua minyororo ilipanga mabenchi.

Hapo kuna kitu ambacho ushuhuda wetu hauna. Benchi si dhambi ya mtu mmoja. Huwezi kulikumbatia. Benchi ni utaratibu. Linaendelea kufanya kazi hata kama kila aliyemo ndani ya nyumba ni mpole. Waandishi hao wawili walielewa kwamba kabla ya kusimulia nani alimsamehe nani, ni lazima useme nani alikaa wapi, na nani alipanga. Kitabu ni kinene na kina majina mengi mpaka mtu unachoka, nisiwadanganye. Kinasomeka kama daftari la mahakama. Lakini ni daftari ambalo mshtakiwa amejiandikia mwenyewe, na hilo sijaliona sana huku kwetu.

Kwa nini basi mafunzo yalipovuka bahari yaliacha benchi nyumbani? Nadhani jibu moja ni la kibinadamu. Mwaka 2003 Burundi ilikuwa bado vitani, na watu waliohitaji kulia walihitaji kulia kwanza. Huwezi kumpa mtu anayevuja damu hotuba juu ya sheria ya ardhi. David Zarembka, Mmarekani aliyeongoza African Great Lakes Initiative kwa miaka mingi na akafia Kenya mwaka 2021, hakuwa mtu wa kuogopa siasa. Jibu la pili linawahusu ndugu zetu wa mashirika, na naliandika nikijua mnasoma. Mti unapigwa picha. Faili la ardhi halipigwi picha. Ripoti inaweza kusema watu ishirini wamepatanishwa. Haiwezi kusema kwa urahisi kwamba watu ishirini wamemwuliza gavana swali. Na mwenye kibali cha kufanya kazi nchini anakitunza kibali chake. Sisi wakimbizi nasi tumejifunza. Tumezoea mahojiano ya kwenda nchi ya tatu, tunajua hadithi gani inakaa vizuri ndani ya dakika arobaini, na tunaileta hadithi hiyo hiyo mpaka katika kurasa hizi.

Lipo pia neno lenyewe, msamaha. Kiswahili kinatumia neno moja kwa mambo mawili. Jirani akikusamehe ni msamaha. Rais akimfungulia mfungwa ni msamaha. Mwaka 2021 Rais Ndayishimiye alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,255, wakati ambapo magereza ya nchi yalikuwa na watu zaidi ya 12,000 katika nafasi zilizojengwa kwa elfu nne na ushee. Desemba mwaka huo huo gereza la Gitega liliungua, na serikali ikatangaza waliokufa 38. Watu walishukuru kwa msamaha ule, na mimi ningeshukuru. Lakini magereza yetu yamejaa watu ambao bado hawajahukumiwa. Mtu ambaye hajahukumiwa akisamehewa, amesamehewa nini? Ametoka na kosa ambalo halikuwahi kuthibitishwa, na sasa anadaiwa asante. Ukiusoma ushuhuda wa kambini ukiwa na swali hilo kichwani, utaanza kuona ni mara ngapi mtu anasamehewa badala ya kusikilizwa.

Pale kwetu gereza liko Murembwe. Halipo mbali na michikichi wala halipo mbali na ziwa. Chakula cha gerezani Burundi kinajulikana: gramu 350 za maharage na gramu 350 za unga wa muhogo kwa siku, na kingine kinategemea ndugu wa nje. Kwa hiyo kila gereza lina jamii yake ya pili, ya wanawake wanaobeba ndoo na mifuko, ndagala walioanikwa, mafuta kidogo ndani ya chupa ya soda. Wanajua majina ya walinzi, wanajua siku ipi faili linapotea na siku ipi linapatikana. Wao ndio wahakiki wa kweli wa sheria ya nchi ile, na kama wafungwa wa Green Haven, wanajua wanachokosa. Sijawahi kusoma ushuhuda wao katika gazeti hili. Tumechapisha waliosamehe na waliosamehewa. Hatujachapisha waliobeba ndoo.

Sitaki tuache kuchora mti. Wiki ijayo nitauchora tena na vijana wangu, na kitambaa cha kufunga macho ninacho, nimekifua. Nitakachoongeza ni karatasi ya tatu, bila mti. Ni ya ramani: nyumba ilikuwa hapa, mpaka ulipita hapa, mchikichi wa kwanza ulipandwa na fulani, mwaka fulani alikuja afisa akasema hivi. Kijana ambaye hajui atamwuliza mama yake. Waliotoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Fizi na Uvira, nao wana ramani zao, na wasidhani jambo hili ni la Warundi peke yao.

Mhariri amekubali kutuachia kurasa nne katika toleo lijalo. Mwenye barua kutoka gerezani, risiti ya shamba, uamuzi wa tume, hata karatasi ya wito wa mahakama iliyochakaa, aje nayo pale kituo cha vijana Jumanne au Alhamisi mchana, tuisome pamoja tuone namna ya kuiandika. Majina tutayaficha. Picha ya simu inatosha. Karatasi yenyewe baki nayo.